Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu piano, watoto na hii habari ya kutunga

Wazazi karibuni. Nimeamua kuandika hii baada ya kuulizwa swali la kinanda cha kununua mara tatu siku moja, tena mara ya tatu niko kwenye daladala nimesimama. Nafundisha watoto piano hapa Dar, sebuleni kwangu, na mwenyewe ni mtunzi, natungia kwaya na natunga vipande vifupi vya piano kwa ajili ya hawahawa wanafunzi wangu. Kwangu mtoto anatunga kuanzia wiki ya kwanza, hajui nota wala hajui kukaa vizuri kwenye stuli lakini anatunga, na hapo ndipo maswali yenu mengi yanapoanzia. Majibu mengine ni marefu, mtanisamehe, mengine mstari mmoja tu unatosha.

Mtoto aanze na miaka mingapi?

Mitano au sita ni poa. Mimi siangalii cheti cha kuzaliwa, naangalia kama anaweza kukaa na jambo moja dakika ishirini bila kuomba maji mara nne. Wa miaka mitatu usimlete, mwimbie nyumbani, mpe sufuria na mwiko, hiyo ndiyo shule yake kwa sasa. Na wa miaka kumi na mbili hajachelewa, msinipigie simu kwa huzuni kama mmekosa meli.

Hatuna piano nyumbani, tununue nini?

Haya, hili ndilo lile swali. Piano kamili ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa kuanzia huhitaji vyote, kinanda cha vibao 61 kinamtosha mwaka wa kwanza na hata wa pili. Ila kuna kitu kimoja sikubali mjibane: ukibonyeza taratibu kitoe sauti ndogo, ukibonyeza kwa nguvu kitoe sauti kubwa. Vinanda vingi vya bei rahisi havina hiyo, ubonyeze kwa unyoya ubonyeze kwa nyundo sauti ni ileile. Huyo Mtaliano aliyeunda piano ya kwanza kule Florence, Bartolomeo Cristofori, mnamo mwaka 1700 hivi, shida yake ilikuwa hiyohiyo, vinanda vingi vya wakati ule vilikuwa vinadonoa nyuzi na sauti haibadiliki, yeye akaweka vinyundo. Ndiyo maana kikaitwa piano e forte, yaani taratibu na kwa nguvu, watu wakafupisha jina wakabaki na hiyo taratibu. Sasa ukinunua kinanda kisichojua taratibu umenunua jina tu.

Ukienda Kariakoo usimsikilize muuzaji anayekuonyesha midundo mia mbili na mataa. Mwambie azime midundo yote, bonyeza kibao kimoja taratibu, halafu kibonyeze kwa nguvu. Jaribu na adapta, jaribu na mahali pa hedifoni, maana hedifoni ndiyo itakayokuokoa na majirani. Cha mtumba siyo vibaya, bonyeza vibao vyote kimoja kimoja mpaka mwisho hata kama muuzaji anakunja uso.

Na kama hela haipo kabisa mwezi huu, mlete hivyohivyo. Nina watoto wawili waliokaa muhula mzima wakifanyia mazoezi kwenye boksi nililowachorea vibao kwa maka peni. Mmoja wao leo ana sikio kuliko wote, maana ilibidi asikie kichwani.

Vipi piano ya kweli, ile ya mbao, tumeona moja inauzwa na mzungu anayeondoka?

Kabla hujalipa tafuta fundi wa kutyuni uende naye. Pwani yetu hii ina chumvi na unyevu, nyuzi zinashika kutu, mbao zinavimba, vibao vinanata, nondo wanakula vile vitambaa vya ndani, na mchwa wao hawajui kama ni piano au ni fremu ya mlango. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na zikishaoza bei ya kuzibadilisha itakufanya umkumbuke huyo mzungu kwa mengine. Ikiwa nzima, iweke mbali na dirisha na mbali na AC, na itahitaji kutyuniwa angalau mara mbili kwa mwaka.

Mwanangu ana miezi mitatu kwako na hajui hata wimbo mmoja wa kuwapigia wageni. Tatizo nini?

Hakuna tatizo mama. Anajua nyimbo sita ila ni za kwake, muombe akupigie mojawapo uone. Najua mnataka kitu kinachotambulika, shangazi akija aseme eeh huo naujua, na zinakuja, kufika mwezi wa tano au wa sita anakuwa nazo. Lakini nikianza na hizo mtoto anajifunza kwamba muziki ni kitu cha watu wengine ambacho kazi yake yeye ni kukirudia bila kukosea, na akishaelewa hivyo kumtoa huko ni kazi kubwa. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, kwa rula, ukikosea kidole kinapigwa. Nikawa napiga kinanda ibada nzima bila kosa lakini mtu akiniambia "hebu piga chochote unachojisikia" nilikuwa naganda. Chochote kilikuwa hakipo. Nilikuja kutunga nikiwa na miaka ishirini na tatu, kwa kujificha, kama mtu anayevuta sigara.

Mtoto wa miaka sita anatungaje? Si anagonga gonga tu?

Mwanzoni anagonga, ndiyo. Kazi yangu ni kumpunguzia uwanja. Ukimwambia mtoto "tunga wimbo" mbele ya vibao 88 ni kama kumpeleka soko la Kariakoo umwambie nunua kitu. Namwambia hivi, una nota mbili tu. Moja juu moja chini. Sasa piga hodi.

Hodi kila mtoto anaijua, na hata kwa kusema tu ina melodi yake, ho juu, di chini. Anapiga hodi, mimi nipo upande wa chini wa piano namjibu karibu, nota tatu. Anapiga tena, simjibu. Hapo ndipo raha inapoanza, maana mtoto anashangaa, anapiga kwa nguvu zaidi, anapiga haraka haraka, mmoja akapiga taratibuu kama mtu anayechungulia dirishani. Hakuna aliyemfundisha sauti kubwa na ndogo, haraka na polepole, kaviokota mwenyewe kwa sababu kuna mtu hafungui mlango. Somo zima la kwanza ni hilo, na akienda nyumbani tayari ana kipande chake, "Hodi ya mtu mwenye haraka", nimekiandika kwenye daftari lake kwa mkono wangu na jina lake juu.

Wiki zinazofuata tunahamia vibao vyeusi. Kila oktava, yaani kutoka do moja mpaka do inayofuata, ina vyeusi vitano, na vitano hivyo vina uzuri mmoja, upige kipi baada ya kipi havigombani. Mtoto anatembea juu huko anavyotaka, mimi chini nashikilia nota mbili za besi, na inatoka kitu ambacho mzazi akiwa jikoni anadhani nimewasha redio. Baadaye ndiyo tunaenda kwenye swali na jibu, anapiga kifungu kinachoishia hewani, halafu anakitafutia jibu linaloshuka mpaka kwenye do. Halafu konda: "Posta Posta Posta Kariakoo", mkono wa kushoto unarudiarudia hivyo kama konda, wa kulia unakuwa abiria wenye habari zao. Kodi (siyo za TRA, za muziki, nota kadhaa kwa pamoja) zinakuja mwishoni kabisa.

Kwa nini humsahihishi? Nimesikia wimbo wake unaishia vibaya na umeuacha.

Kwa sababu nilishawahi kusahihisha nikajuta. Kulikuwa na mvulana wa miaka minane, kaleta wimbo mzuri tu unaochangamka lakini unaishia kwenye ti, ile nota ya saba, haurudi nyumbani kwenye do, unaachwa unaning'inia. Mimi na utaalamu wangu nikachukua penseli nikamuongezea do mwishoni. Akasema asante ticha. Wiki iliyofuata hakuleta kitu, na iliyofuata pia, na mama yake akaniambia nyumbani anauita "ule wimbo wa ticha". Nikamuita tukakaa, nikamuuliza wimbo ulikuwa unahusu nini. Akaniambia, "Tulikuwa tunaangalia mpira umeme ukakatika."

Yaani mwisho ulikuwa sahihi kuliko wa kwangu. Nilifuta ile do mbele yake.

Kwa hiyo sasa hivi nauliza kwanza. Nikisikia kitu cha ajabu nasema nipigie tena, nipigie taratibu, hapa ulitaka iwe hivi au kidole kiliteleza? Kidole kikiwa kimeteleza mtoto mwenyewe atasema. Kosa la vidole, la mgongo uliopinda, la kiganja kilicholala, hayo nasahihisha kila dakika na sioni haya. Ila wazo lake siligusi mpaka alimalize.

Anaweza kutunga wimbo wenye maneno?

Anaweza, na hapa Kiswahili kinatusaidia mno, maana shuleni wameshafundishwa mizani na vina. Mstari wa utenzi una mizani nane, na nane ni namba tamu kwenye muziki, inakaa ndani ya mapigo manne kila pigo silabi mbili. Kina cha mistari mitatu ya mwanzo kinafanana, cha nne kinatoka tofauti, halafu hicho cha nne ndicho kinachorudi kila ubeti. Ukiugeuza muundo huo kuwa melodi unapata vifungu vitatu vinavyomalizikia sehemu moja na cha nne kinachokwenda kutulia kwingine, na mtoto hahitaji hata kuelezwa, ameshaimba hivyo tangu darasa la tatu.

Ngoja niwaonyeshe mfano wa kweli. Binti mmoja wa Tabata, miaka tisa, alileta ubeti huu:

Barabara yetu sisi
ina mashimo na fisi
dereva nenda upesi
mama ananisubiri

Nikamuuliza fisi wa Tabata wako wapi, akasema ni kwa ajili ya kina, ticha. Sawa. Akaanza kuimba, na alikuwa anapenda kuanza kidogo kabla ya pigo, "ba" inatangulia halafu pigo zito linaangukia "ra". Imba hivyo mwenyewe usikie: baRAbara. Maana imegeuka! Barabara ya magari mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu karibu yote, baraBAra. Ukiurudisha nyuma inakuwa barabara ile ya "sawasawa, vizuri kabisa". Kwa hiyo binti alikuwa anaimba kwamba mambo yetu ni safi, halafu yana mashimo. Alicheka mpaka akashuka kwenye stuli.

Hatukuitupa janja yake, tuliihamisha. Mstari wa kwanza ukaanzia juu ya pigo lenyewe, ba-ra-BA-ra, umekaa vizuri. Ile ya kuanza kabla ya pigo tukaipeleka mstari wa tatu, maana "dereva" linaitaka, "de" inatangulia, "RE" inatua kwenye pigo, "nda" ya "nenda" ikavutwa kidogo. Na kwenye "mashimo" kukatokea kitu ambacho sikukipanga, "shi" haiangukii kwenye pigo, inaangukia katikati, kwa hiyo wimbo unashtuka hapo kama tairi limeingia shimoni. Nilitaka kuirekebisha, akaniambia hapana ticha hapo ndipo penyewe. Nikaweka penseli chini.

Wazazi wengi wanadhani kutunga ni kusubiri kitu kishuke kutoka juu. Nusu saa yote ya somo ile iliisha kwenye neno barabara.

Hii njia umeitoa wapi? Si kuna mtaala?

Mitaala ipo na vitabu ninavyo, lakini kumfundisha mtoto kupiga na kutunga kwa wakati mmoja siyo mambo mapya wala siyo ya kwangu. Mjerumani Bach, mtunzi, alianza kumwandikia mwanawe wa kwanza wa kiume, Wilhelm Friedemann, daftari la mazoezi mwaka 1720, mtoto akiwa na miaka tisa. Baadhi ya vipande vile akavipanga upya mwaka 1723, na kwenye ukurasa wa kwanza kaandika kabisa kwamba ni kwa ajili ya kujifunza kupiga vizuri, na pia kupata mawazo mazuri na kuyakuza, na kuonja utunzi. Mhungaria Bartók, aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, aliandika vipande 153 vya kujifunzia piano, kutoka rahisi kabisa mpaka vigumu vya kutisha, na vitabu viwili vya mwanzo akampa mwanawe Péter. Kule Munich, watunzi Carl Orff na Gunild Keetman walianza na ngoma, mwili na mchezo kabla ya nota. Nikiwaangalia hao nakumbuka tu bibi yangu, ambaye alikuwa anatwanga na kuimba na ukimuuliza wimbo huo wa nani anasema wa leo.

Atajua kusoma nota kweli?

Atajua. Nawaanzishia solfa, do re mi, kwa sababu kwaya zetu zote zimekulia humo na mtoto akienda kanisani au shuleni anakutana nayo ubaoni. Msiidharau solfa mkadhani ni ya kishamba. Enoch Sontonga, aliyetunga ile melodi tunayoimbia wimbo wetu wa taifa, alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya kule Johannesburg, aliitunga mwaka 1897 na nyimbo zake alikuwa anaziandika kwa solfa. Ila piano ina mikono miwili na nota nyingi kwa mara moja, solfa inaelemewa, kwa hiyo mwaka wa kwanza haujaisha tunakuwa tumeshahamia nota za kwenye mistari mitano.

Wanahama kirahisi kwa sababu wanahama na nyimbo zao. Mtoto aliyetunga kitu anataka kukiandika asije akakisahau, na hapo nota zinakuwa na kazi. Yule ambaye hajatunga, nota kwake ni kama kujifunza kuandika barua wakati huna wa kumwandikia.

Mnafanya mitihani ya greda?

Anayetaka, anafanya. Wengi wanachukua ya ABRSM, bodi ya London iliyoanza mwaka 1889, ina greda 1 mpaka 8, wanakupima vipande, skeli, kusoma nota papo hapo na sikio. Kumbuka kwamba kuvuka kwenda greda ya 6 wanadai greda ya 5 ya nadharia au mbadala wake, watu wengi wanakwama hapo. Mtihani ni mzuri kwa mtoto anayependa kupanda ngazi. Nisichokubali ni mwaka mzima kupiga vipande vitatu vya mtihani tu, huyo akimaliza anaufunga mfuniko wa piano na haurudii.

Mwalimu niambie ukweli, mwanangu ana kipaji?

Sijui, na miaka sita ni mapema kujua. Kila mtu ananitajia Mozart, aliyetunga akiwa na miaka mitano, na ni kweli, mwaka 1761. Ila vile vipande vya kwanza vimeandikwa kwa mwandiko wa baba yake, Leopold, kwenye daftari la dada yake. Baba alikuwa mwalimu wa muziki, alikaa pale na kalamu, akasikiliza, akaandika. Mimi nikiisoma habari hiyo simuoni sana mtoto, namuona baba. Kwa hiyo badala ya kuniuliza kama ana kipaji, mtoto akiimba kitu cha ajabu bafuni wewe chukua simu urekodi, unitumie kwenye WhatsApp. Nina voisi za wazazi zaidi ya za marafiki zangu.

Muziki wetu wa asili unaingia kwenye piano, au tunawafanya wazungu?

Unaingia, ila siyo wote na siyo kirahisi. Midundo inaingia vizuri sana, mtoto akishaweza mkono mmoja kuhesabu tatu na mwingine mbili ameshafungua mlango wa ngoma nyingi za kwetu. Shida ni sauti zenyewe. Piano imegawanya oktava kwenye nusutoni kumi na mbili zilizo sawa, basi, katikati hapo hamna kitu. Taarabu ina maqam (mipangilio ya sauti ya Kiarabu) zenye robo toni ambazo ziko katikati ya vibao, ukizitafuta kwenye piano unabaki unagonga mbao. Ukitaka mtoto apate udi au kanuni, vile vyombo vya nyuzi vya taarabu, penyewe ni Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) wanafundisha hayo tangu 2002. Na muziki wa Wagogo unafuata sauti ambazo uzi wenyewe unazitoa kwa asili, ile ya saba katika sauti hizo za asili (siyo ti) iko chini ya kibao cha piano kwa karibu theluthi moja ya nusutoni. Ni kidogo lakini sikio linajua.

Nina mwanafunzi ambaye babu yake yuko Dodoma na anapiga ilimba, ile marimba ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Alirudi likizo akaniambia ticha piano yako haina mchanga. Mchanga? Nikaja kuelewa, ilimba ina matundu yanayozibwa na utando wa buibui ili sauti iwe na mkwaruzo, ndiyo utamu wake. Tukafungua ubao wa chini wa piano, tukaegesha karatasi ya daftari kwenye nyuzi za besi. Akapiga. Akasikiliza. Akasema "karibu, lakini babu ana buibui mzuri zaidi". Katunga hapo kipande cha dakika mbili na anakipiga na karatasi yake mpaka leo, anaiweka kwenye begi isikunjwe.

Sisi ni Waislamu, mtoto ataimbishwa nyimbo za kanisani?

Hapana. Nyimbo za dini yoyote zinaingia pale tu mzazi anapoomba. Kuna mtoto alitaka kupiga mahadhi ya kaswida ya madrasa yao, nikamwambia kamuulize kwanza baba na ustadhi wako. Wakasema hapana, basi ikaishia hapo, akatunga ya kwake kuhusu siku ya Idd ambayo nusu yake ni biriani.

Mazoezi dakika ngapi kwa siku, na asipotaka nimlazimishe?

Wa miaka sita dakika kumi, wa kumi dakika ishirini na tano, kila siku, siyo saa mbili Jumamosi ukiwa umesimama nyuma yake. Kukaa kwenye stuli mlazimishe, kama unavyomlazimisha kupiga mswaki. Akishakaa, mwache dakika tano za kwanza apige chochote. Akichoka siku moja muachie. Akikataa wiki mbili mfululizo nipigie, kuna kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ni kaka yake aliyemcheka.

Naweza kukaa darasani?

Unaweza, ila simu mfukoni na usimwambie jibu. Kuna mzee alikuwa anampungia mwanawe mkono kama kondakta wa kwaya, tukakubaliana awe anasubiri nje, sasa ananiangalizia kuku.

Siku hizi si kuna programu unaandika maneno inakutolea wimbo mzima? Hii kazi yote ya nini?

Zipo, na wanafunzi wananiletea. Mmoja alinisikilizisha wimbo uliotoka hivyo, mzuri tu, vyombo vyote ndani. Nikamuuliza, hapa mbona unapanda? Akasema sijui ticha umepanda wenyewe. Nikamuuliza kuhusu wimbo wake wa wiki iliyopita mbona unapanda, akanieleza dakika kumi, kuna paka, kuna ukuta, kuna mbwa wa jirani. Hizo dakika kumi ndizo mnazonilipia.

Tunaweza kuweka nyimbo zake TikTok?

Muulize mwenye wimbo, yaani mtoto. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mtunzi ni yeye, siyo mimi wala shangazi. Kwenye daftari naandika jina lake la kwanza na tarehe, tumezoea hivyo. Akikataa, basi.

Akikosa somo anafidiwa?

Ukiniambia siku moja kabla, ndiyo. Ukiniambia saa hiyohiyo kwa sababu ya foleni ya Ubungo, nakuelewa kabisa lakini hapana.

Mnafanya onyesho?

Kila Desemba, hapahapa sebuleni na kibarazani, viti vya plastiki vya kukodi. Kila mtoto anapiga vipande viwili, kimoja cha kujifunza na kimoja alichotunga mwenyewe, na kabla ya kupiga anasema jina la kipande na siyo zaidi, maana mwaka mmoja tuliwaruhusu waeleze na tukamaliza saa tatu usiku. Jina la wimbo wa mwanao ukilisikia na usilielewe usimuulize mbele za watu. Piga makofi akimaliza, siyo akisimama katikati, kusimama kwingine ni kwa makusudi, msubirini mpaka atoe mikono kwenye vibao. Watoto wachanga waje tu, mwaka juzi mmoja alilia katikati ya kipande cha kaka yake na kaka akamuigiza kwa mkono wa kulia, nota mbili juu kabisa, watu wakadhani walifanya mazoezi. Tunaanza saa tisa alasiri. Saa tisa ya kweli jamani, siyo ile ya harusi.